Mpaka Tanga Lianuliwe

Ubaruku,
S.L.P. Rujewa.
16 Mei 1976

Dada Tekla,

Kamwene. Pokea salamu za huku bondeni. Mimi ni mzima, Nyamizi ni mzima, na mtoto anaongezeka. Wakwe zangu wanakusalimu. Baba mkwe, Mzee Ngolo, amehamishia ng'ombe ng'ambo ya mto kwa kuwa malisho ya upande huu yamekwisha. Shemeji Limbu, kaka yake Nyamizi, amevuna mpunga mwingi na sasa hakuna anayeweza kuzungumza naye, maana kila neno analirudisha kwenye mpunga wake.

Nilifika salama. Najua hukupenda nilivyoondoka siku ya pili ya msiba. Ruhusa ya kazi ilikuwa inaisha na mpunga ulikuwa umeanza kuingia kinuni. Nilimweleza baba mdogo Joachim, naye akanijibu mbele ya watu kwamba mama hawezi kuanuliwa tanga na msiba kufungwa bila kitindamimba wake kufagia ua, kwa hiyo tanga litasubiri. Nililipokea neno lake. Bado sijajua nitapata nafasi lini.

Jana nilifungua shajara yangu kuangalia nimeandika nini siku ya mazishi. Nimeandika: "Mvua asubuhi. Mama kazikwa saa tisa. Mafua." Nilikaa na kalamu nikitafuta la kuongeza. Sikuliona, nikafunga.

Sasa jambo lenyewe. Kile kichupa cha matone ya pua ulichonipa pale uani kimekwisha. Ni dawa nzuri. Natia kila tundu asubuhi, mchana na jioni kama ulivyoniagiza, na pua hufunguka kabla sijamaliza kufunga vifungo vya shati. Ila siku hizi inaziba tena mapema kuliko mwanzo, na bila dawa silali. Naomba unipatie kingine. Maagizo yako nayafuata, sijayavunja hata moja.

Unajua kazi yangu. Gunia likishushwa nalichoma kwa bambo, ule mkuki wa chuma wenye mfereji, mpunga unamwagika kiganjani, na kabla ya kuutazama naunusa. Mpunga uliolowa hauonekani kwa macho kila mara. Karani wa mapokezi asiye na pua ni sawa na mlinzi asiye na macho.

Kile kitambaa cha kichwa cha mama ulichofungia kichupa kipo. Nyamizi humfungia mtoto jua likiwa kali.

Mdogo wako,
Liberatus


Zahanati ya Misheni,
Iringa.
6 Juni 1976

Mdogo wangu Libe,

Kamwene sana, baba. Barua yako ilizunguka kwanza misheni nyingine kabla ya kunipata, ndiyo maana nachelewa kukujibu. Huku baridi imeingia. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda, na akina mama wanakuja zahanati wamejifunga mablanketi kama mizigo ya posta. Baba mdogo Joachim anasumbuliwa na presha lakini bado anapanda kilima akigombana na kila mtu. Mama yangu hajambo? Namaanisha huyo mdogo uliyempa jina la Paskalina. Mbusu kwa niaba yangu.

Shangazi Lusia anawaambia watu kwamba katika watoto wote wa marehemu wewe ndiwe uliyelia kuliko wote, hata macho yakawa kama pilipili. Sikumsahihisha.

Umeshikwa na mafua mengine? Ubaruku kuna joto la kuivisha mayai juani, hayo mafua unayatoa wapi? Labda ni pumba za kinuni. Basi nimempa utingo wa basi kichupa kingine. Upenge kamasi taratibu kwanza, tundu moja baada ya jingine, unawe mikono. Lala chali kichwa kikining'inia kidogo ukingoni mwa kitanda, udondoshe, ukae hivyo kidogo dawa isikimbilie kooni. Ule mrija usiguse pua, na ukigusa uufute. Usimwazime mtu. Baba mdogo aliniomba na yeye nikamkatalia, kwa kuwa dawa hii hubana mishipa na haimfai mwenye presha. Masharti mengine ni yale yale niliyokuambia siku ile uani.

Kuhusu kitambaa, usimtajie baba mdogo. Vitu vya marehemu havigawiwi kabla ya tanga kuanuliwa, na mimi nilikitoa kimyakimya. Chumba chake kimefungwa tangu siku ile. Ufunguo ninao mimi.

Fagio liko nyuma ya mlango wa jikoni. Sisemi zaidi.

Ni mimi dada yako,
Tekla


Ubaruku.
11 Julai 1976

Dada Tekla,

Salamu. Huku kavu, vumbi, na malori usiku na mchana. Mzee Ngolo alianguka kutoka kwenye mkokoteni akaumia mguu, lakini hakuvunjika. Nyamizi anashukuru kwa sabuni uliyomtumia mtoto.

Kichupa nilikipata na kimekwisha. Sikutaka kukusumbua tena. Dereva wetu Maganga akienda Mbeya hunipitia kwenye duka la dawa kule Mwanjelwa. Yao si ya kudondosha. Ni chupa laini ya plastiki, ukiibonyeza inapuliza manyunyu. Natembea nayo mfukoni. Sasa ninaitumia kila inapoziba, na inaziba sana.

Kuna jambo limetokea kazini. Nilipokea shehena ya mpunga kutoka ng'ambo. Nilichoma bambo, nikanusa, sikusikia harufu yoyote, nikaandika kuwa ni mzuri. Kumbe kasoro yake haikuwa ya kujificha hata kidogo; ni mimi sikuwa na pua. Rundo likapata joto ndani, likavunda, na likaharibu jirani yake. Meneja aliniita. Hakupaza sauti. Alichota konzi moja akaniwekea chini ya pua.

"Liberatus, hii inanuka nini?"

"Mpunga," nikasema.

Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Limbu alikuwepo na gari lake la maksai. Akasema, "Bwana meneja, msamehe shemeji yangu. Wahehe pua wamepewa kwa ajili ya kuning'inizia miwani, na huyu hata miwani hana." Wakacheka tena. Mimi niliona midomo yao ikifunguka. Sikuona haya wala hasira. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye.

Nimeondolewa mapokezi, nahesabu magunia matupu. Meneja anakwenda Dar es Salaam kwa mafunzo. Amesema akirudi mwezi wa tisa atanifunga macho kwa kitambaa na kuniwekea mbele magunia matatu, moja limevunda. Nikilitambua narudi kwenye kazi yangu. Nisipolitambua, nafasi inapewa mwingine na nyumba ya kinu tunaihama.

Mtoto naye pua imeziba, anashindwa kunyonya, ananyonya kidogo anaachia analia. Nimefikiri kumpulizia kidogo, nusu ya ninavyojipulizia mimi. Ikiwa una shauri lingine niandikie.

Liberatus


SIMU

IRINGA 19 JULAI 1976
LIBERATUS KINU CHA MPUNGA UBARUKU
USIMTIE MTOTO DAWA YA PUA HATA TONE. HATARI. JIBU HARAKA. TEKLA


Ubaruku.
24 Julai 1976

Dada Tekla,

Simu yako ya maandishi ililetwa na mtu wa baiskeli kutoka Rujewa. Watu wote wa kinuni walisimama kuona nani kafa. Nikawaambia hajafa mtu.

Mtoto hakutiwa kitu. Lakini nisijisifu, si kwa akili yangu. Nilipomaliza kukuandikia ile barua niliiendea chupa, sikuiona. Nikapekua nyumba nzima. Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mchele, hanitazami.

"Unatafuta nini, baba Paskalina?"

"Chupa."

"Iko kwenye debe la mchele, chini kabisa. Utaipata tukishakula mchele wote."

Nikamwambia mtoto hapumui. Akasema, "Anapumua. Wewe ndiye hupumui. Dawa inayomfanya mtu mzima apekue nyumba kama mlevi anayetafuta mtungi, mwanangu haionji." Akamlaza mtoto mapajani, akamdondoshea puani maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo aliyoyachemsha mwenyewe, akamfuta kamasi kwa pembe ya kitambaa, mtoto akanyonya. Siku ya pili alikuwa mzima.

Nilitoa chupa debeni, lakini kwa mkono wangu, si kwa ruhusa yake. Nakuambia ukweli ili usiulize.

Jioni Nyamizi aliniuliza dawa hii mwisho wake ni lini. Nikamjibu kwamba dada alinipa mpaka maalumu, tena aliutamka wazi, nami nimeuandika kwenye shajara siku ile ile: "Tekla kasema nitie mpaka tanga lianuliwe, kisha niache." Tanga bado. Kwa hiyo naendelea. Nyamizi akasema kwa Kinyamwezi neno ambalo hakutaka kunitafsiria.

Nikiwa nimekosea niambie.

Liberatus


Iringa.
1 Agosti 1976

Libe wa mama,

Safari hii salamu zitakuja mwishoni.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya kliniki, mikono imejaa pamba. Nilipofika pale pa tanga nilicheka. Nilicheka mpaka mganga akatoka chumbani kwake kuniuliza kama nimepata habari njema, na kina mama wakaanza kucheka nami bila kujua sababu. Tangu mwezi wa nne nilikuwa sijacheka. Kisha nikaenda nyuma ya jengo nikakaa kwenye jiwe.

Tanga ni siku tatu, mdogo wangu! La kila mtu ni siku tatu. Nilikuona pale uani umesimama na mafua yako, watu wanakupa mikono, wewe unawatazama kama mtu anayetazama mvua dirishani. Nikajua nikikuambia "siku tatu" neno halitashika. Nikatumia kipimo kilichokuwa mbele ya macho yetu. Nilisema "mpaka tanga lianuliwe" nikijua keshokutwa yake litaanuliwa. Asubuhi wewe ukapanda gari, baba mdogo akasema litasubiri, na mimi sikukumbuka kwamba nimekufungia dawa kwenye tanga lisilo na mwisho. Katika watu wote walionitii maishani, hakuna aliyenitii kama wewe.

Sikiliza sasa. Huna mafua. Yaliisha zamani. Ndani ya pua kuna nyama laini yenye mishipa mingi ya damu. Mafua yakija inavimba, njia inaziba. Dawa inaibana ile mishipa, nyama inasinyaa, hewa inapita. Kwa siku tatu ni msaada. Ukiendelea, nyama inaizoea, na nguvu ya dawa ikiisha inavimba kuliko mwanzo. Unatia tena, inavimba tena. Kinachokuziba ni hicho hicho unachofungulia. Na pua iliyovimba hivyo harufu haiwezi kupanda mpaka panapostahili.

Hutaweza kuacha yote kwa siku moja, utashindwa na utaona aibu kuniandikia. Acha tundu la kushoto kabisa. La kulia liendelee kupata asubuhi na jioni tu, uwe na upande mmoja wa kupumulia. Kushoto utie maji ya chumvi kama aliyofanya Nyamizi, kijiko kidogo kwa nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, kila mara unapotamani ile chupa. Ulale umeinua kichwa. Kushoto kukianza kupita hewa kwenyewe, acha dawa na upande wa kulia pia. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya. Haitakuua. Na kwa muda uliobaki unapopulizia kulia, usirudishe kichwa nyuma kama unavyofanya na matone. Hiyo ya manyunyu unakaa wima, ncha unaielekeza upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, unavuta hewa polepole. Ukielekeza katikati unauchubua, unatoka damu. Ikiwa baada ya wiki tatu hakuna nafuu, panda basi uje umwone mganga.

Nyamizi mwambie wifi yake anamshukuru. Alichosema kwa Kinyamwezi nakikisia.

Nilimwambia baba mdogo kwamba tungeweza kuliondoa tanga bila wewe, ili mambo yaishe. Akauliza, "Kwani amekufa yeye?"

Mama aliuliza jambo moja kuhusu wewe siku yake ya mwisho. Sitaliandika. Linahitaji mdomo.

Salamu kwa wote.
Tekla


Ubaruku.
29 Agosti 1976

Dada Tekla,

Kamwene. Mtoto amekaa peke yake bila kushikwa. Mzee Ngolo amepona mguu. Huku tunachoma mashamba, moshi kila mahali.

Nimefanya ulivyosema. Chupa nilimkabidhi Nyamizi, naye alinipimia upande wa kulia asubuhi na jioni kama anayempa mfungwa chakula. Upande wa kushoto ulikuwa ukuta. Nililala nimeegemea gunia la pumba, mdomo wazi, ulimi mkavu kama kipande cha turubai. Nyamizi alisema nakoroma kama trekta linalopanda kilima. Siku ya tano niliomba chupa kabla ya saa yake. Akasema, "Niombe kwa Kinyamwezi." Sikujua maneno, nikarudi kulala.

Limbu alikuja kila jioni kunitazama. Hakuwa na sababu nyingine. "Wahehe babu zao walipigana na Wajerumani," anawaambia watu, "na huyu anapigwa na kichupa." Kisha ananichemshia maji ya chumvi mwenyewe.

Siku ya kumi na moja kushoto kulipita hewa. Hewa nyembamba, kama inapita kwenye mrija wa matone. Niliacha kutia na upande wa kulia. Ukaziba kwa siku kadhaa, ukafunguka. Sasa yote mawili yanapita, hasa asubuhi.

Harufu ya kwanza niliyoisikia ilikuwa pumba zinazoungua nyuma ya kinu. Nilisimama pale mpaka wapakiaji wakadhani nimeamrishwa kulinda moto. Ya pili ilikuwa jasho la Limbu. Nilimwambia. Akafurahi sana, akasema sasa nimepona.

Nikachukua kile kitambaa cha mama. Nilikuwa nimepanga iwe ya kwanza lakini niliogopa. Nikakiweka usoni. Kina harufu ya sabuni ya mche, na jua, na maziwa ya mtoto. Kimefuliwa mara nyingi. Cha mama hakimo.

Niliandika hivyo kwenye shajara: "Kitambaa: sabuni." Nyamizi aliuliza ana kosa gani. Nikamwambia hana. Angefanya nini na mtoto, asifue?

Bado sisikii kitu kingine, dada. Sizungumzii pua.

Meneja anarudi katikati ya mwezi ujao.

Liberatus


Iringa.
12 Septemba 1976

Libe,

Fupi tu, basi linaondoka na utingo ananiita majina.

Jambo la meneja likiisha, kwa vyovyote litakavyoisha, omba ruhusa. Tumepanga tanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Shangazi Lusia amekubali, watani wameambiwa, padre atasoma misa. Mlete Nyamizi na mama yangu mdogo. Limbu akitaka kuja aje, huku wapo watakaomjibu.

Chumba cha mama hakijafunguliwa tangu siku ya mazishi. Kila mtu aliniomba ufunguo, huyu kwa ajili ya panya, yule blanketi, mwingine mbegu za maharage. Sikutoa. Nilikasirika nawe, Libe, kwa kutuacha tumekaa na mlango uliofungwa miezi yote hii. Sasa sikasiriki. Njoo tufungue.

Tekla


Ubaruku.
10 Oktoba 1976

Dada Tekla,

Tumefika salama. Mtoto alilala njia nzima toka Makambako, na Nyamizi amebeba yale maharage ya mbegu kama dhahabu ya Makongolosi. Wakwe wanashukuru kwa asali. Limbu bado anasimulia jinsi shangazi Lusia alivyomnyang'anya kofia na kuivalisha mbuzi. Anasimulia kama aliyeonewa, lakini anaisimulia kila siku.

Habari ya meneja nilikuambia kwa haraka uani, sijui kama ulisikia kwa zile kelele. Alinifunga macho mbele ya watu wote. Gunia la kwanza lilikuwa zuri. La pili lilikuwa zuri pia, ila liliwahi kubebea samaki, nikalitaja, watu wakapiga makofi. La tatu sikuhitaji kuinama. Nimerudi mapokezi, na nyumba hatuhami. Meneja aliuliza nilikuwa na ugonjwa gani. Nikamwambia nilikuwa na dawa.

Sasa lile ambalo sikuweza kukuambia pale.

Nilipofagia ua niliona kazi tu. Nilianzia jikoni nikatokea kwenye kaburi kama baba mdogo alivyoelekeza, vumbi likapanda, nikapiga chafya, watani wakasema kitindamimba anafagia kwa pua. Nilicheka nao kwa kuwa ilikuwa zamu ya kucheka. Uliponiambia jikoni lile aliloliuliza mama, kwamba siku ile ya mwisho alisema, "Libe bado analala mdomo wazi? Anapumua vizuri?" na kwamba ndiyo maana ulinipa kile kichupa, nilisikia maneno. Niliyaelewa. Nikakuuliza chumvi iko wapi. Nisamehe kama niliuliza hivyo.

Kisha ukanipa ufunguo, ukaniambia mdogo ndiye anayetangulia.

Nilifungua. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua za mwezi wa nne, nikausukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na giza, na vyote viko kama alivyoviacha: blanketi, kibuyu, kikapu cha ulezi, majani makavu ya mkaratusi aliyokuwa akinifukizia nikiwa mtoto. Nikavuta hewa kama ninavyovuta juu ya kiganja cha mpunga. Alikuwepo. Moshi wa kuni za mkaratusi, mafuta ya nyonyo, pombe ya ulanzi iliyochacha kidogo, na ile harufu nyingine isiyo na jina ambayo ni yake tu. Miezi yote ile mlango umefungwa, haikuwa na pa kutokea.

Nilisimama pale. Baba mdogo alisema nyuma yangu, "Vipi, kuna panya?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Subirini kidogo." Nikarudisha mlango nikabaki ndani.

Ulinisikia. Najua ulinisikia, kwa sababu ulianza kuwapigia kelele watu wa sufuria bila sababu yoyote, ili wasisikie wao.

Leo nimefungua shajara kwenye ile siku ya mwezi wa nne. Chini ya "Mafua" palikuwa na nafasi. Nimeandika: "Mama amefariki."

Ile chupa ya Mwanjelwa ilikuwa imebaki na dawa kidogo. Nyamizi alikuwa ameibeba safarini bila kuniambia, endapo ningezidiwa. Kwenye basi, tulipopita Mafinga, pua iliziba yote, kushoto na kulia, macho yakawa kama yale ya siku ya mazishi. Akaitoa kwenye kanga akanionyesha.

Nikamwambia airudishe. Hayakuwa mafua.

Mdogo wako,
Libe